Kuipanga meza ya kuchambulia korosho ili punje mbovu ijitokeze yenyewe

Mzigo wa korosho zilizobanguliwa ukirudishwa kwa sababu ya punje zilizoungua au zenye madoa, lawama huwaangukia wachambuaji: hawakuwa makini. Kabla hujambadilisha mtu, kagua meza. Kuna tofauti ambazo jicho huziona papo hapo, bila kujitahidi, hata punje ziwe mia tatu. Kuna nyingine ambazo haziwezi kuonekana mpaka jicho lipite punje moja baada ya nyingine. Meza iliyopangwa ovyo huzigeuza tofauti za aina ya kwanza kuwa za aina ya pili, na hapo hata mchambuaji hodari atapitwa.

Maelekezo haya yanakusudiwa vikundi vya ubanguaji vya Mtwara na Lindi, na yanawafaa pia wanaochambua korosho ghafi kabla ya kuzipeleka ghala la chama cha msingi cha ushirika. Kuna sehemu ya ufuta pia, maana punje zake ni ndogo mno kuchambuliwa moja moja, na hapo jicho linatakiwa kutumika kwa namna nyingine kabisa.

Jaribio la chelewa

Lifanyeni kwanza, kikundi kizima. Ni la dakika kumi na tano na litawaepusha na mabishano mengi baadaye.

Kata vijiti vya chelewa 72, kila kimoja sentimita 3. Tandika kitambaa cha rangi moja mezani. Panga vijiti 36 kwa safu sita, kila safu vijiti sita, umbali wa sentimita 5 kutoka katikati ya kijiti hadi katikati ya kinachofuata. Vyote visimame wima, isipokuwa tisa vya pembe moja (tatu kwa tatu) ambavyo utavilaza mshazari, nusu ya njia kati ya wima na mlalo. Funika kwa gazeti. Mwite mtu ambaye hakukuona ukipanga, funua kwa sekunde moja, funika tena, muulize pembe ipi ni tofauti. Atajibu bila kufikiri. Eneo la mshazari huonekana kama kiraka chenye mpaka wake, ingawa hakuna mstari wowote uliochorwa.

Sasa panga upya. Katika nafasi 27 tengeneza herufi T, kila T kwa vijiti viwili. Katika zile tisa za pembeni tengeneza herufi L. Chagua pembe nyingine ili mtu asikisie. Funua kwa sekunde moja. Wengi watababaika. T na L ni herufi mbili tofauti kabisa, mtoto wa darasa la kwanza anazitofautisha, lakini zikitandazwa hivi kiraka hakionekani; lazima uzisome moja moja.

Mwisho ondoa zile L, weka T zilizolala mshazari. Kiraka kinarudi palepale.

Mwanasaikolojia Jacob Beck alichapisha matokeo ya namna hii mwaka 1966. Watu walipoulizwa, walisema T iliyoinama inafanana na T iliyosimama kuliko L inavyofanana nayo. Lakini kwenye uso uliojaa herufi, ni T zilizoinama ndizo zinazojitenga. Sababu ni kwamba hatua za mwanzo za kuona hazijui herufi. David Hubel na Torsten Wiesel, waliokuwa wakipima ubongo wa paka, walionyesha mwaka 1959 kwamba kuna seli zinazoitikia mstari wa mwelekeo fulani tu: hii kwa wima, ile kwa mshazari. T na L zote zimetengenezwa kwa kijiti cha wima na kijiti cha mlalo, kwa hiyo kwa seli hizo karibu hakuna tofauti. T iliyoinama inaamsha seli nyingine. Béla Julesz, aliyelichimba suala hili tangu miaka ya 1960, alizitaja mwaka 1981 sifa chache zinazoutenganisha uso mmoja na mwingine papo hapo: rangi, mwelekeo, urefu na upana wa vijialama, ncha zake, na mahali vinapokatana.

Mezani hii ina maana moja ya moja kwa moja. Kabla ya kumwambia mtu atafute kitu, jiulize kitu hicho kinatofautiana na kizuri kwa sifa gani kati ya hizo. Rangi? Itajitokeza. Ukubwa uliozidi sana? Itajitokeza. Namna vipande viwili vilivyoungana? Haitajitokeza kamwe, na usipoteze muda kumlaumu mtu.

Hesabu ya trei moja

Sehemu ya jicho inayoona kwa ukali kabisa ni ndogo, kama digrii 2, karibu sawa na upana wa ukucha wa dole gumba mkono ukiwa umenyooshwa. Kwa trei iliyo sentimita 50 kutoka machoni, hiyo ni duara lenye kipenyo cha sentimita 1.75. Punje nzima ya korosho haienei humo vizuri. Na macho huhama kituo kama mara tatu kwa sekunde.

Nusu kilo ya korosho za daraja la W320 (punje nzima nyeupe, 300 hadi 320 kwa ratili ya gramu 454) ni punje kama 340. Jicho likilazimika kusimama kwenye kila punje, ni karibu dakika mbili kwa upande mmoja tu wa punje, bila kurudia na bila kupepesa. Hakuna anayefanya hivyo kutwa nzima. Mchambuaji hutegemea pembeni ya jicho limwonyeshe pa kwenda, na pembeni ya jicho huona tofauti za rangi na mwanga, lakini haisomi umbo dogo lililobanwa na majirani. Ndiyo maana punje zisigusane.

Trei ya sentimita 40 kwa 60 ipokee nusu kilo, si zaidi. Punje zitafunika kama theluthi moja ya eneo na kati ya punje na punje itabaki nafasi ya kutosha kidole kupita. Ukimwaga kilo nzima bado zitakaa tabaka moja, na kwa macho ya msimamizi itaonekana kazi inakwenda, lakini nusu za punje zitajificha ubavuni mwa nzima na kuonekana kama punje moja.

Kitambaa cha chini

Hapa ndipo vikundi vingi vinapokosea, na ndipo pana faida kubwa kwa gharama ndogo. Utahitaji nyuso mbili za kuchambulia: moja ya rangi ya maziwa yaliyochujuka, nyingine nyeusi au buluu iliyoiva. Kwa majaribio, marekani isiyopaushwa inafaa kwa ya kwanza, na kaniki kwa ya pili. Fua kaniki mara kadhaa hadi maji yatoke safi, la sivyo itaacha rangi. Kwa kazi ya kila siku tafuta trei za plastiki za rangi hizo zinazoruhusiwa kwa chakula, zenye uso usiong'aa na zinazooshwa, kwa kuwa kitambaa huacha nyuzi kwenye korosho.

Uso wa maziwa ni wa kuchambua rangi. Punje nzuri inakaribia rangi hiyo, hivyo kingo zake hazipigi kelele machoni. Punje nzuri 330 zinatulia, na zile kumi zilizoungua, zenye doa au zilizobakiza ganda la ndani zinabaki peke yake zikiita. Ukifanya kazi hiyohiyo juu ya kaniki, kila punje, nzuri na mbaya, inakuwa na ukingo mkali, na jicho linavutwa kila mahali kwa nguvu ileile. Kuna ubaya wa pili: kitu kikiwa juu ya cheusi huonekana cheupe kuliko kilivyo. Punje iliyobabuka kidogo itapita ikidhaniwa nyeupe, na mnunuzi ataiona akiimwaga kwenye meza yake nyeupe.

Uso mweusi ni wa kuchambua umbo: nusu, vipande, punje zilizovunjika ncha. Hapa ukingo ndio unaotafutwa, kwa hiyo acha uwe mkali.

Usichambulie juu ya mkeka uliosukwa kwa miyaa ya rangi, kanga, au turubai la mistari. Uso wenye michoro una mielekeo na rangi zake, na jicho haliwezi kuzizima kwa kuambiwa. Wakati mwingine mstari wa mkeka hukaa sawasawa na ufa wa punje na ufa ukapotea kabisa.

Mwanga, na kwa nini saa ina maana

Mwanga uliotawanyika huonyesha rangi. Mwanga unaotoka ubavuni huonyesha mikunjo, matundu na nyufa. Huwezi kuvipata vyote viwili kwa taa moja.

Kwa rangi, kaa kivulini mahali pa wazi, mgongo au ubavu ukielekea upande wa mwanga, kamwe usiutazame. Ukiwa ndani, weka taa mbili ndefu, moja kila upande wa meza, ili kivuli cha moja kifutwe na nyingine. Nunua taa ya LED nyeupe ambayo boksi lake limeandikwa Ra au CRI 90 (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi za vitu kwa uaminifu). Ya 80 inavumilika, chini ya hapo rangi ya kahawia hafifu na ya maziwa zinaanza kufanana. Lenga luksi (kipimo cha mwanga) 500 hadi 1,000 juu ya trei. Programu za simu za kupima mwanga hazina usahihi wa maabara, ila zinatosha kukuambia kama upande mmoja wa meza unapata nusu ya mwingine. Tofauti hiyo ndiyo inayoumiza, kwa sababu kinachofanya kitu kijitokeze ni kutofautiana na majirani zake wa karibu. Kivuli cha bega kikilala juu ya trei, ukingo wa kivuli ndio utakaokuwa kitu cha kwanza kuonekana.

Na chini ya turubai la buluu usichambue rangi kabisa. Mwanga unaopenya unakuja tayari umetiwa rangi.

Mizunguko, mmoja baada ya mwingine

Mwaka 1980 wanasaikolojia Anne Treisman na Garry Gelade walionyesha jambo ambalo kila msimamizi wa meza angelipenda kulijua. Mtu akitafuta kitu kinachotofautiana kwa sifa moja, mathalani chekundu kati ya vya kijani, kuongeza idadi ya vitu hakumcheleweshi sana. Akitafuta kwa sifa mbili zilizoungana, mathalani chekundu chenye umbo fulani huku vyekundu vingine na maumbo mengine vikiwa vimechanganyika, kila kitu kinachoongezwa kinamgharimu muda. Kumwambia mchambuaji "toa zilizoungua, na nusu, na ndogo, na zenye ganda" ni kumpa kazi ngumu kuliko kazi nne nyepesi zikifuatana.

1. Mwaga nusu kilo kwenye trei ya rangi ya maziwa. Tikisa mara mbili kwa mlalo ili zitawanyike. Zinazogusana zitenganishe kwa kiganja.

2. Sema kwa sauti kinachotafutwa: "Zilizoungua na zenye doa tu." Si mchezo. Alfred Yarbus, mtafiti wa mwendo wa macho kule Umoja wa Kisovyeti, alionyesha kwamba macho ya mtu yuleyule juu ya picha ileile hupita njia tofauti kutegemea swali aliloulizwa. Swali lisilo wazi hutoa njia isiyo wazi.

3. Tazama katikati ya trei bila kugusa chochote kwa muda wa kuhesabu hadi tatu. Zitakazokurukia machoni zitoe kwanza. Kisha pita trei kwa mistari, kutoka kushoto kwenda kulia, upana wa mstari ukiwa kama kiganja. Usianze na kupita mistari ukiacha zile za dhahiri zikae. Punje moja nyeusi kabisa ikibaki, jicho litaikimbilia kila mara na zile zilizobabuka kidogo hazitapata nafasi.

4. Funika kwa trei ya pili ya rangi ileile, shika zote mbili kwa nguvu, pindua. Rudia hatua ya tatu. Doa lililokuwa chini sasa liko juu. Punje nyingi zinazorudishwa na wanunuzi zilikuwa zimelala kifudifudi siku nzima.

5. Hamishia kwenye trei nyeusi. Sema: "Nusu na vipande." Hapa mizunguko miwili haihitajiki sana, nusu ya korosho ina uso bapa, na ikilala kwa upande wa bapa huonekana pana na yenye unene mdogo kuliko kawaida. Sukuma punje kwa kiganja mara moja ili zigeuke.

Madoa madogo ya milimita 1 au 2 hayatajitokeza hata upange meza vipi. Ni madogo mno kwa pembeni ya jicho. Mzigo ukijulikana kuwa na madoa ya namna hiyo, punguza kipimo hadi robo kilo, sogeza trei hadi sentimita 35 kutoka machoni, na ukubali kwamba kasi itashuka.

Ukichanganya mizigo miwili, mmoja mweupe na mwingine wa kijivu hafifu, umejiharibia. Punje iliyobabuka kidogo hujitokeza kati ya punje zinazofanana. Kati ya punje zenye rangi tano inakuwa rangi ya sita. Tenga mizigo kwanza, ndipo uchambue.

Kuhusu wachambuaji wenyewe: kutotofautisha vizuri nyekundu na kijani ni hali ya kuzaliwa inayowapata wanaume zaidi kuliko wanawake. Mpime mtu mpya kwa trei ya majaribio kabla ya kumpanga mzunguko wa rangi. Akishindwa, mpe mzunguko wa umbo; huko haathiriki.

Ukubwa mwachie chekeche

Daraja la W240 ni punje 220 hadi 240 kwa ratili moja ya gramu 454. W320 ni 300 hadi 320. Kwa uzito, punje ya W240 ni karibu gramu 2, na ya W320 ni karibu gramu 1.5. Inasikika kama tofauti kubwa. Lakini uzito unapoongezeka hivyo, urefu unaongezeka kama sehemu kumi na moja tu kwa mia. Weka punje mbili ubavu kwa ubavu, utaiona tofauti. Zitawanye 340 kwenye trei, haitajitokeza, hasa kwa kuwa punje zimelala pande zote. Tumia chekeche kwanza, kisha hakiki kwa kupima ratili na kuhesabu. Kikundi kinachotegemea jicho kwa ukubwa kinachosha watu wake kwa kazi ambayo tundu la chekeche hufanya bila mshahara.

Korosho ghafi

Hapa sakafu safi ya saruji inasaidia kwa rangi: korosho ghafi nzuri ni ya kijivu, saruji ni ya kijivu, na iliyopiga weusi inaonekana mara moja. Lakini saruji hiyohiyo huficha mawe. Jiwe la kijivu, lenye ukubwa wa korosho, juu ya sakafu ya kijivu, linatofautiana kwa umbo tu, na umbo halijitokezi. Mawe yatolewe kwa ungo kabla ya kufika sakafuni. Yakishafika, tegemea mkono: jiwe ni zito na baridi.

Korosho changa zilizosinyaa na zilizotobolewa na wadudu zinahitaji mwanga wa ubavuni. Mtwara mjini, karibu tarehe 20 Oktoba, jua la saa sita mchana na dakika chache hukaa utosini kabisa. Mikunjo haina kivuli, na korosho iliyosinyaa huonekana laini kama nzima. Saa kumi na nusu jioni jua limeshuka hadi kama digrii 25, na kila kijinundu kinatupa kivuli chenye urefu mara mbili ya kimo chake. Asubuhi saa moja na nusu ni vilevile. Kwa hiyo ratiba ya msimu ijipange yenyewe: mikunjo na matundu asubuhi na jioni juani, rangi mchana kivulini.

Kilo 2 kwa eneo la sentimita 60 kwa 90 zinatosha, ambazo ni korosho kama 400. Mchambuaji akae jua likiwa ubavuni mwake. Akilipa mgongo, kivuli chake kinaanguka kwenye kazi. Akilielekea, anaona mng'ao tu.

Katika utafutaji wa namna hii kuna kitu cha kujua: chenye alama ya ziada huonekana upesi kati ya visivyo nayo, lakini kisicho na alama hufichika kati ya vilivyo nayo. Treisman na Janet Souther walilionyesha mwaka 1985: duara lenye mkia hujitokeza kati ya maduara matupu, ila duara tupu kati ya yenye mkia linatafutwa kwa shida. Mzigo ukiwa mzuri, toa zilizosinyaa. Mzigo ukiwa mbovu kiasi kwamba zilizosinyaa ndizo nyingi, usitafute laini. Rudisha nyuma hatua, upepete na kuuchekecha, ndipo uuweke mezani.

Ufuta: jaribio la mpaka

Punje 1,000 za ufuta zina uzito wa gramu 2 hadi 4. Hakuna wa kuzitazama moja moja. Swali la ghalani huwa ni jingine: je, mzigo huu ni sawa na sampuli iliyokubaliwa? Hapo tumia uwezo uleule ulioonekana kwenye chelewa, wa jicho kuona mpaka pasipo mstari.

Chukua trei yenye uso usiong'aa ya sentimita 30 kwa 40. Igawe katikati kwa kipande cha kadibodi. Mwaga gramu 100 za sampuli upande mmoja, gramu 100 za mzigo upande wa pili, sawazisha kwa rula. Kina kitakuwa karibu milimita 3. Ondoa kadibodi kwa kuinyanyua wima, kisha gonga trei mara moja kwa chini ili ufa ulioachwa na kadibodi ujifunge. Ufa ukibaki, huo ndio mtu atakaouona na jaribio limeharibika.

Mwite mtu asiyejua ulivyogawa. Inawezekana uligawa kwa urefu, kwa upana au kwa mshazari. Atazame kwa sekunde moja akiwa mita moja, aonyeshe mpaka kwa kidole. Zungusha trei nusu duara, mwite mwingine. Wote wawili wakionyesha mpaka ule ule uliougawa, mizigo si sawa.

Kabla ya kuamini jibu, weka sampuli moja pande zote mbili. Mtu akiona mpaka hapo, mwanga wako hauko sawa, au uso umesawazishwa vibaya upande mmoja.

Mpaka ukionekana, mwambie afinye macho hadi punje zisionekane moja moja. Ukibaki, wastani wa rangi ndio umetofautiana: mzigo mmoja umeiva zaidi, umenyeshewa, au una vumbi. Ukipotea, wastani ni uleule ila mchanganyiko ni tofauti. Mara nyingi kuna punje nyeusi na nyeupe zilizochanganywa upande mmoja, huku mwingine ukiwa wa rangi moja ya kati. Hali hizi mbili zinadai tiba tofauti, na mtu aliyepuuza hatua ya kufinya macho atabishana na mnunuzi bila kujua wanabishania nini.

Jaribio hili halionyeshi unyevu wala mchanga wenye rangi ya ufuta. Hayo yana vipimo vyake.

Mbovu zikiwa chache mno

Mzigo mzuri una hatari yake. Mwanasaikolojia Jeremy Wolfe na wenzake walichapisha mwaka 2005 majaribio ambamo watu walitafuta kitu fulani kwenye picha. Kitu kilipokuwemo katika nusu ya picha, walikikosa kwa asilimia 7 hivi. Kilipokuwemo katika picha moja kwa mia, walikikosa kwa asilimia 30. Macho ni yaleyale. Kilichobadilika ni mazoea ya kutokuta kitu, na mtu akishazoea hivyo huacha kutafuta mapema.

Dawa yake ni trei ya udhibiti. Tenga punje 340 ambazo hazitauzwa kamwe, zihifadhi kwenye chombo chenye alama. Kumi kati yake ziwe mbovu za aina zinazowasumbua: nne zilizobabuka kidogo, tatu zenye doa, tatu zenye ganda la ndani lililoganda mgongoni. Zipige picha. Katika saa mojawapo, bila kutangaza, trei hiyo ipite kwa kila mchambuaji kama trei nyingine. Mwonyeshe papo hapo alizozikosa, ndipo arudi kazini. Akikosa tatu au zaidi, trei zake tatu za nyuma zirudiwe. Msitumie punje zilizotiwa wino, kwa kuwa ikitokea moja ikapotea na kuingia kwenye mzigo, mmeongeza tatizo, na tena wino hujitokeza mno na kumfundisha mtu kutafuta wino.

Mabadiliko ya zamu ni muhimu vivyo hivyo. Norman Mackworth, Mwingereza aliyepima mwaka 1948 jinsi watu wanavyongojea ishara adimu, alikuta umakini unashuka ndani ya nusu saa ya kwanza. Kila dakika 30 mchambuaji wa rangi abadilishane na wa umbo, au aende kumenya. Anaporudi, trei yake ya kwanza iwe ya mzigo wenye mbovu nyingi, ili macho yazoee kukuta kitu kabla hajapewa mzigo safi. Punje za trei ya udhibiti zibadilishwe zikianza kuwa na rangi ya zamani, maana korosho iliyokaa miezi hugeuka njano, na hapo zote 340 zitakuwa mbovu kwa mtu aliyefunzwa vizuri.